Kuutafutia Mguu Wangu Mji

Tangu turudi, siwezi kwenda kununua chumvi hapa Bellevue bila mtu kunisimamisha. Mama wa kwaya ananiuliza, fundi cherehani ananiuliza, hata wale mabinti wa mtaa wa Observatory wanaosuka nywele pamoja na Furaha wangu wananipigia simu, "Bibi, ilikuwaje huko?" Kila mmoja nampa kipande, na kipande kikifika kwa mwingine kimeshaota mkia. Sasa nasikia eti nimeolewa Kimberley. Basi naandika mara moja nimalize. Anayetaka kujua asome, na asiyejua kusoma asomewe.

Shida yenyewe mnaijua nusu. Mkwe wangu Dieudo ni mlinzi. Kampuni yake inafunga kazi ya hapa Johannesburg, wakamwambia achague Bloemfontein au Kimberley, na ajibu kabla mwezi haujaisha. Binti yangu Furaha atamfuata mumewe na watoto, hiyo ni haki yake. Swali lilikuwa mimi.

Mimi sina gari na sipendi kubebwa kama gunia. Hapa natoka mlangoni, nakata kona, niko soko la Yeoville. Sombe ya majani ya muhogo iko, ndagala, wale dagaa wa ziwani, iko, mafuta ya mawese yako. Kanisa ni palepale, kliniki ni palepale. Rafiki yangu Mama Neema alihamishwa na mwanawe kwenda Midrand, nyumba nzuri, ukuta mrefu, geti. Huko hakuna anayekwenda popote kwa miguu. Asubuhi ananipigia simu kuniambia ameona ndege. Jioni ananipigia kuniambia yule ndege ameondoka.

Kwa hiyo nilimwambia Furaha wazi. Mji ambao mguu wangu haunifikishi sokoni, kanisani na kwa jirani, siuendi. Nendeni nyinyi, mimi nitabaki na chumba changu. Furaha akalia, maana mtoto wake wa mwisho ndiyo kwanza anatambaa, na mgongo unaombeba ni wangu. Alipomaliza kulia akasema, "Mama, nenda ukaone kwa macho yako. Mji utakaousema ndio huo. Ukisema hakuna, basi tutajua." Hilo neno "tutajua" sikulipenda, lakini nilikwenda.

Kutoka Park Station

Nilikwenda na Mama Consolata, yule Mrundi tunayeimba naye. Ananiita Yaya, dada mkubwa, kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa, ingawa kwa maneno mkubwa ni yeye. Tulifika kituoni Jumamosi kabla jua halijachomoza, tukapanga mstari, tukasimama sana. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu alikuwa na ndoo na vijiko vya mchanga vya watoto. Consolata akamuuliza anakwenda kufanya nini, akajibu wanakwenda kuogelea baharini. Consolata akanigeukia.

"Yaya, Bloemfontein ina bahari?"

"Sijui. Sijafika."

Kumbe tulikuwa kwenye mstari wa Durban. Tulikimbia na mizigo hadi upande wa pili, na basi letu lilikuwa limeshawasha injini.

Ndani ya basi nilifungua chakula. Nilikuwa na ndagala za kukaanga na pilipili, na mkate. Harufu ilikwenda mbele ikarudi nyuma. Kijana mmoja wa tai, jirani yetu wa kiti, aliuliza kwa adabu kama ile ni dawa. Consolata, bila hata kupepesa jicho, akamwambia ndiyo, ni ya magoti. Yule kijana akaomba. Alikula moja, akala kiganja kizima, machozi yanamtoka kwa pilipili, akasema anasikia inashuka. Kama goti la mtu linapona, mimi ni nani wa kubisha?

Tulipoipita Kroonstad basi likakohoa na kusimama. Dereva alisema mkanda wa injini umekatika, mwingine unaletwa sasa hivi. "Sasa hivi" ya nchi hii nimeishi nayo miaka mingi na bado sijui ukubwa wake. Tulishuka, tukakaa kwenye nyasi. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kushuka. Nilitazama pande zote. Ardhi tambarare kama sinia, mahindi yamekwisha kuvunwa, na hakuna binadamu hata mmoja anayetembea. Magari tu yanapita kwa hasira. Hapo moyo wangu ulianza kuyumba. Nilijiuliza kama huko tuendako watu wana miguu.

Bloemfontein, Jumapili

Tulipokelewa na Mama Riziki, Mkongomani mwenzangu, mwenye saluni na chumba ghorofani katikati ya mji. Kesho yake baada ya ibada alibaki anapika, akatuonyesha njia dirishani, akasema nendeni mkatembee, mji wenyewe ndio huu, huwezi kupotea.

Kweli hatukupotea. Barabara zimenyooka, kando za kutembelea ni pana, safi, hazina mashimo kama zetu. Lakini watu hawakuwepo. Kila duka limeshushwa chuma. Tulifika kwenye uwanja mkubwa, hapo kuna njiwa, na upepo unafukuza mfuko wa plastiki. Hakuna anayeuza hata karanga. Robot, taa ya barabarani, inawaka nyekundu, inawaka kijani, na hakuna gari la kuitii. Sisi hapa Yeoville Jumapili ndiyo siku ya kukanyagana. Nikamshika Consolata mkono.

Wale waliotoka kwetu Uvira wataelewa. Kwetu ukikuta soko limefungwa mchana na barabara tupu, huulizi sababu. Sababu iko njiani inakuja. Nilianza kuharakisha, Consolata naye akaharakisha, na kwao Burundi mambo ni yaleyale, kwa hiyo hatukuambiana kitu. Mara tukajikuta tunakimbia. Pindo za nguo za kanisani tumezishika mkononi, viatu vinagonga lami.

Kulikuwa na mlinzi mmoja, Msotho, amejifunika blanketi mlangoni mwa benki. Alipotuona tunakimbia akatoka anatukimbilia, anaita, "Bomme! Bomme!" yaani akina mama. Sisi kumwona yeye anakimbia, tukajua basi hata mlinzi ameliacha lindo lake. Tukaongeza. Alitupata kwenye kona, anahema kuliko sisi, na yeye mwenyewe anageuka nyuma kuangalia ni nini kinachokuja.

"Mama zangu, mnakimbia nini?"

Consolata akamuuliza, "Wewe unakimbia nini?"

Alisema alikuwa anatukimbilia sisi, alidhani tumeibiwa. Nikamuuliza watu wa mji wamekwenda wapi. Akasema wako nyumbani. Nyumbani ni wapi, nikamuuliza. Akaonyesha mkono mbali sana, nyuma ya kilima, upande mmoja, halafu upande mwingine. Akasema leo ni Jumapili. Alisema hivyo polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

Bloemfontein, siku nyingine

Tulipanga kuondoka Jumatatu jioni, lakini miguu ya Consolata ilivimba kwa zile mbio na lile basi, viatu vikakataa kuingia. Riziki akasema atulie. Tukakaa karibu juma zima, na mimi kila asubuhi nikashuka kutembea peke yangu.

Jumatatu sikuamini. Ule uwanja wa njiwa umejaa watu, huwezi kutupa punje ikaanguka chini. Magwinya, mandazi ya huku, yanachemka kwenye mafuta, akina mama wameketi na nyanya, vitunguu, soksi. Sombe hakuna, lakini niliona lengalenga, ule mchicha wanaouita morogo, mbichi kabisa. Mama aliyeuza aliniita "nkgono," yaani bibi, akanichagulia fungu zuri. Kliniki nimeiona. Kutoka kwa Riziki hadi sokoni hata sikutoa jasho. Nilirudi nimefurahi, nikataka kumpigia Furaha nimwambie ni hapa. Namshukuru Mungu simu haikuwa na moto wa betri.

Maana jioni ilifika. Nilikuwa dirishani nachambua lile lengalenga. Watu wote wakageuka upande mmoja kama maji yaliyozibuliwa, wakaenda kwenye mabasi na teksi, wamebeba mifuko, hawatazamani. Chuma kikashuka duka moja baada ya jingine. Kabla sijamaliza fungu langu, wamebaki njiwa. Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Consolata akiwa kitandani na miguu juu ya mto akasema, "Yaya, mji huu wanauvaa asubuhi kama koti, jioni wanauvua."

Nilimuuliza Riziki jirani yake ni nani. Alifikiri akiwa ameshika mwiko.

"Kuna mtu hapo juu yangu. Nasikia viatu vyake."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mama, viatu tu."

Sasa hapo nilichanganyikiwa kabisa. Nilichotaka nimekipata. Njia ya miguu iko, soko liko, kliniki iko, kanisa liko. Na bado roho inakataa, na sikuwa na neno la kumpa Furaha la kueleza inakataa nini. Aliponipigia nilimwambia ngoja kwanza. Akanikumbusha kuwa mwezi haungoji.

Kimberley, njia zilizopinda

Ijumaa tukapanda basi la Kimberley. Mtoto wa kaka yake Consolata, jina lake Égide, anaishi huko, na alisema atatupokea. Tulipofika hayupo, na simu inalia haijibiwi. Baadaye tulijua alikuwa ametoka kulinda usiku, akaja nyumbani akalala kama jiwe.

Consolata alikuwa anajua jina la mtaa. Tukaamua kwenda kwa miguu, si ndilo tulilokuja kulipima? Sasa nawaambia, barabara za mji ule hazikupangwa, zilidondoshwa. Wanasema zamani watu walikuja kuchimba almasi, kila mmoja akakita hema lake alipopenda, na njia zikapita palipobaki. Unakwenda mbele, njia inakugeuza taratibu bila kukuambia, unatokea ulikotoka. Tulipita duka moja la mablanketi lenye mlango wa njano. Tukapita tena. Mwenye duka, Msomali, mara ya kwanza alitusalimu, mara ya pili akacheka, iliyofuata akatutolea viti na maji. Anajua Kiswahili cha Nairobi. Akasema, "Mathe, hata mimi mwaka wa kwanza nilikuwa najikuta hapa hapa, ndio maana nikafungua duka."

Watu wengine tuliowauliza walitujibu kwa Kiafrikana, wakaniita Ouma, yaani bibi, wakaonyesha kidole, na kila kidole na upande wake. Katikati ya mji penyewe sikupaelewa. Kando za barabara zimevunjika, robot nyingine imekufa imeinama. Nilishaanza kumtungia Furaha maneno: Kimberley hapana.

Tulitoka katikati ya mji, tukatembea na kutembea, hadi tukaingia mitaa ya nyumba ndogondogo zenye mabati. Consolata anachechemea. Ndipo tukaliona hema.

Ndani ya uwanja wa watu

Hema jeupe, limezibia nusu ya barabara. Viti vya plastiki vimepangwa. Masufuria makubwa ya miguu mitatu yako kwenye kuni, wanawake wamefunga vichwa, wamejifunga blanketi mabegani, wameinama wanamenya karoti na viazi, hawasemi sana. Nyinyi wa Bellevue niambieni, hapa kwetu hema likisimamishwa barabarani ni kwa sababu gani? Harusi zetu tunazifanyia ukumbini. Hema ni la kilio.

Na kwetu mtu hapiti penye kilio akiendelea na safari yake, hata awe mgeni, hata awe na njaa. Unaingia, unalia, unakaa chini, ndipo unauliza aliyekufa ni nani. Huo ndio utaratibu niliolelewa nao. Nikamwambia Consolata tuingie. Nikakaza kitenge kiunoni, nikaweka mkono kichwani, nikaingia getini, nikalia. Sikulia kidogo. Mimi nikilia nalia.

Visu vilisimama. Mwanamke mzee aliyekuwa kwenye sufuria, umri wangu au ananizidi, aliachia mwiko, akashika kichwa, akaanguka magoti anapiga kelele kwa lugha yake. Neno moja tu nililielewa kwa sababu linafanana kila mahali watu wakiuliza hivyo: nani, nani, nani?

Hapo watu wakaja. Sijawahi kuona. Kutoka kila nyumba ya mtaa ule, kulia na kushoto, milango ilifunguka. Mwanamume mmoja alikuja na povu la kunyolea shavu moja. Mwanamke ana unga hadi kwenye viwiko. Mwingine alikuja na ndoo ya maji, sijui alidhani ni moto. Vijana waliruka ukuta. Wote wanakimbia, wote wanauliza, na mimi naona wamekuja kutusaidia kulia, nikaongeza sauti.

Mtu akanishika bega akanitikisa. Yule mzee alikuwa amesimama mbele yangu, simu sikioni. Aliongea kwenye simu, akasikiliza, akafunga macho. Halafu akanitazama. Tulisemezana kwa Kizulu changu cha sokoni, naye akiongeza Kiingereza.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Nani amekufa?"

"Hilo ndilo nilitaka kukuuliza wewe."

Yule wa povu ndiye alianza kucheka, akainama, akakaa chini, na wengine wakafuata. Mzee hakucheka. Jina lake ni Mma Dineo. Ile ilikuwa harusi ya mjukuu wake Tebogo, kesho yake. Bwana harusi na watu wake walikuwa barabarani wanatoka Rustenburg, na aliponisikia alijua gari lao limepinduka na mimi ndiye nimeleta habari. Bwana harusi mwenyewe alikuwa kwenye kituo cha mafuta anakula.

Nilitaka ardhi ifunguke. Nilimwomba msamaha kwa lugha zote ninazozijua na nyingine nisizozijua. Nikamweleza kwetu hema ni nini. Nikachukua mfuko wangu niondoke. Akaushika.

"Huondoki," alisema. "Umelia katika uwanja wangu. Ukienda sasa, hicho kilio unamwachia nani? Kaa chini, menya. Kesho watu wa mume wakiingia, wewe ndiye utapiga vigelegele wa kwanza. Kwa sauti ileile."

Tukakaa. Tulimenya mabeetroot hadi mikono ikawa kama ya wachinjaji. Tulipewa mogodu, matumbo yaliyopikwa taratibu, na uji mzito wa mtama mwekundu wenye uchachu. Bugali si bugali, lakini nilimaliza. Jioni yote watu wakawa wanapita kwa miguu, wengine na kiti chao, kuja kuwaona vikongwe waliolia. Habari ilifika hadi spaza, kiduka anakonunua mkate Égide, na alipoamka akasikia kuna bibi wawili wageni wanalia harusini, hakuuliza mara mbili. Alikuja moja kwa moja.

Mma Dineo aliniuliza nilikuja kufanya nini Kimberley. Nikamwambia natafuta mji ambao nitatembea kwa miguu. Akauliza mjini kuna nini. Yeye huenda siku ya pensheni tu, akasema, na hata siku hiyo anarudi upesi.

"Sasa nyinyi mnatembea wapi?"

Akaonyesha ule mtaa kwa ncha ya kisu. "Hapa."

Sikumwelewa. Mimi nimekuja kuangalia mji, yeye ananionyesha mtaa. Nilidhani ni Kizulu changu.

Jumamosi nilipiga vigelegele. Mwanzo sauti iligoma, Mma Dineo akanikanyaga mguu, ikatoka.

Kurudi

Jumapili njia nzima Consolata alilala, mimi nikatafuta cha kusema. Kila nilipokipanga, kikapangika vibaya.

Furaha alinikalisha kabla sijavua viatu. Akauliza soko la Kimberley likoje. Nikamwambia sijui, sikuliona. Kliniki? Labda niliipita, labda niliipita mara nyingi. Sombe? Hakuna, baridi ingeiua. Njia za miguu? Zimevunjika, na zinakurudisha ulikotoka. Na Bloemfontein je? Bloemfontein vyote viko, tena vizuri.

"Mama, basi ni Bloemfontein."

"Hapana."

"Sasa ulikwenda kufanya nini huko Kimberley?"

Ndipo nikamsimulia hema. Nilimweleza yote kama nilivyowaandikia nyinyi. Alicheka hadi akashika ukuta. Dieudo alikuwa palepale chumbani, amegeukia dirishani, anapiga viatu vya kazi rangi. Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Miaka yote hii akitaka chumvi iliyo mbele yangu anamwambia Furaha, na Furaha ananiambia mimi. Alipoweka kiatu chini akafungua mdomo, nilijua atasema na mkewe. Hakumtazama mkewe.

"Mama, uniwie radhi nakuuliza mwenyewe. Mimi usiku niko kazini. Hao watu, ulipolia, walikuja?"

"Walikuja."

"Walikuwa wanakujua?"

"Walikuja kwanza. Kuniuliza mimi ni nani waliuliza baadaye."

Alikiokota kiatu, akakiangalia. Kisha akasema, bado kwangu mimi, si kwa Furaha, "Basi twende huko." Furaha aliacha kucheka.

Jibu limeshapelekwa kazini kwake. Mma Dineo ananitafutia vyumba kwenye mtaa uleule, na amesema nikifika nisilie getini. Tunahama mwezi ukiisha. Yale masufuria yangu mawili makubwa siyabebi, anayeyataka aje ayachukue mwenyewe mlangoni, sipelekei mtu.